Pikipiki Isipowaka Alfajiri
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama wa tawi, Nairobi)



Nimeombwa niseme habari ya pikipiki zinazokataa kuwaka, maana wengi wetu tunaokaa Kawangware, Kangemi na Dagoretti twazipanda kuja kazini, na zamu ya alfajiri haimngoji mtu. Mimi si fundi wa pikipiki, kazi yangu ni reli. Lakini nimelipa ada ya kujifunza, nayo ilikuwa betri mbili.

Pikipiki yangu haina kiki. Siku moja nilibonyeza stata ikafanya "tik" moja tu, ikanyamaza. Fundi mmoja wa barabarani akaitazama, akasema, "Betri imekufa." Nikanunua nyingine. Baada ya wiki tatu, tik tena. Nikanunua ya pili, kwa fedha nilizoweka za karo ya mtoto. Siku ya tano ikazima katika foleni ya Barabara ya Ngong, mvua yanyesha, njia yapanda. Zamu ile sikulipwa.

Mzee mmoja wa umeme katika karakana akaniuliza, "Umepima wakati stata imebonyezwa?" Betri ya volti 12 iliyojaa husoma kama 12.6 ikiwa imetulia, lakini hiyo si kitu mpaka uitwishe mzigo. Tukabonyeza: ikabaki juu ya 11. Kumbe nzima! Ingeshuka chini ya 9.6 hivi, tungeishuku. Kisha akagusisha waya mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, wa pili kwenye chuma cha injini, tukabonyeza tena. Mita ikasoma volti 6, na mahali pale haitakiwi hata nusu volti. Waya wa hasi ulikuwa umeshika kutu ulipofungwa kwenye injini. Fundi alipobadilisha betri aliutikisa, ukashika kwa siku chache, basi nikadhani betri mpya ndiyo dawa. Tulitumia msasa na spana, dakika kumi. Betri ya kwanza ningali nayo, yafanya kazi ya taa nyumbani.

Stata ikifanya tik-tik-tik ya haraka na taa zikififia, hapo shuku betri, au vichwa vyake vilivyolegea. Isipolia kabisa, tazama fyuzi, swichi ya klachi na ya stendi. Injini ikizunguka isiwake, kwanza tazama ile swichi nyekundu ya kuzimia (watoto huichezea, msicheke). Kisha fungua plagi, irudishe katika kofia yake, iegemeze kwenye chuma cha injini mbali na petroli, uzungushe. Cheche ya buluu yenye nguvu ni nzuri. Baada ya mvua au kuoshwa, kausha kofia hiyo kabla ya kununua koili.

Betri ikiisha kila mara, pima injini ikinguruma kwa kasi kidogo: yapasa isome kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki 12, haichajiwi.

Mita yangu i katika kabati la zana. Mwenye kuitaka aniulize kabla ya saa mbili.