Mapendo kwa mwenye haja isiyokwisha

(Maneno ya katekista mbele ya mashirika ya parokia, siku ya Yubile)



Mmeniomba niseme juu ya kusaidia masikini. Sitasema juu ya yule aliyeunguliwa na nyumba, maana huyo kila mtu humkimbilia, mmoja na bati, mwingine na mkeka, na mwezi ukiisha ameanza kusimama. Nataka kusema juu ya yule ambaye mwaka huu ana haja, na mwaka ujao ana haja, nasi tunaanza kuchoka naye.

Mwaka 1617, huko Châtillon-les-Dombes, Ufaransa, Padri Vincent de Paul aliambiwa mbele ya Misa kwamba jamaa moja wanalala wagonjwa wote, bila mtu wa kuwatunza. Akahubiri juu yao. Alipokwenda mwenyewe kuwaona, alikuta njia imejaa watu wanaopeleka vyakula na watu wanaorudi. Moyo wake ukafurahi, lakini akaona pia kwamba chakula kile kingi ni cha siku ile, kingine kitaoza, na kiisha siku chache wale wagonjwa watarudia njaa. Basi akakusanya wamama, wakapanga zamu, kila mmoja siku yake. Ndipo chama chao cha mapendo kilipoanza, mwaka ule ule.

Sisi hapa tulikuwa na mpango, na hata hivyo tulikosa. Katika shirika letu yuko mama mjane mwenye mtoto asiyeweza kuketi wala kujilisha. Kila mwezi tulimpa unga, mafuta ya ngazi na sabuni. Kiisha miaka minne, watu wakaanza kuuliza: mpaka lini? Mimi nilikuwa mmoja wao, na tena niliyesema kwa sauti kubwa. Nikatoa shauri tumpe mtaji wa kuuza samaki wakavu, halafu tumwache asimame mwenyewe. Kwa miezi miwili mtaji ukaisha. Tukasema: ameula.

Mama mmoja wa Legio hakuridhika na neno hilo. Akaenda kushinda kwake siku nzima. Aliporudi akatueleza: yule mtoto lazima ageuzwe, alishwe, asafishwe, mama yake hupata kutoka tu jioni, mtoto wa jirani akirudi toka masomo, na saa ile wanunuzi wamekwisha kwenda kwao. Samaki waliharibika, na feza iliyobaki ilinunua dawa. Katika miaka minne hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza siku yake inakwenda namna gani.

Tena kuna lingine, na hilo ni kosa langu mwenyewe. Nilikuwa nikisoma majina ya wanaosaidiwa kwenye mlango wa kanisa, kwa sauti, ili kila mtu ajue sadaka yake imekwenda wapi. Yule mama aliacha kuja Misa. Mimi nilifikiri ni uvivu.

Tunapenda kutaja barua ya pili kwa Watesalonika, juu ya asiyetumika. Mwalimu wetu wa Kilatini katika seminari ndogo alitukaza sana juu ya neno moja hapo: Paulo anasema juu ya mtu asiyetaka kazi. Juu ya asiyeweza hasemi kitu. Na katika barua ya kwanza kwa Timoteo imeagizwa kwamba mjane mwenye jamaa asaidiwe kwanza na jamaa, ili Kanisa liweze kuwasaidia walio peke yao kabisa. Basi tukamwendea shemeji yake, mtu mwenye mshahara. Akashangaa. Alikuwa ameacha kusaidia kwa sababu alisikia jina lile pale mlangoni, akajua parokia inatosha.

Sasa shemeji analeta sabuni na dawa. Wamama watatu wanashinda na mtoto asubuhi, kila mmoja siku yake, na mama anapata kulima shamba lake. Unga tunaendelea kutoa. Hautakoma mtoto akiwa hai, na mtu asiniulize tena mpaka lini.

Wako pia wanaoomba kwa mazoea. Hao, watembeleeni nyumbani mbele ya kuwapa kitu, mtaona mengi.

Neno dogo juu ya sanduku. Msiweke humo feza nyingi siku nyingi. Mwaka 1993, zaire 3,000,000 za zamani ziligeuka zaire mpya 1. Nilikuwa mtoto bado, lakini namwona hata leo marehemu baba akihesabu noti za masikini juu ya meza, kisha akinyamaza. Nunueni maharagi na chumvi.

Yule mama amerudi Misa, anaketi nyuma. Zamu ya siku ya pili ya juma haina mtu tangu mmoja wa wale wamama alipojifungua. Anayeweza aje kuniona kwenye mlango wa sakristia.