Kadi ya Michoro Ikianza Kufa: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Mada kwa semina ya mafundi wa kompyuta, Dar es Salaam



Mteja akileta kompyuta ambayo kadi yake ya michoro inasumbua, swali lake la kwanza ni bei. Ni haki yake. Ila sisi tukilijibu kabla hatujajua ugonjwa uko wapi, tunapiga ramli. Hoja yangu leo ni kwamba uamuzi wa kutengeneza au kununua nyingine unaanzia mahali hitilafu ilipo. Ikiwa nje ya chipu kuu, yaani kwenye feni, pesti, njia za umeme au chipu za memori, tutengeneze mradi hesabu ikubali. Ikiwa ndani ya chipu kuu yenyewe, tumwambie mteja ukweli na tuweke blowa chini.

Kabla ya kuilaumu kadi

Kuna kadi nyingi tu zinazosingiziwa. Kompyuta inayozima ghafla katikati ya mchezo, au wakati wa kutoa video ya harusi, huenda inalia njaa ya umeme. Soketi ya mazabodi inaipa kadi wati 75. Plagi ya pini 6 inaongeza 75, ya pini 8 inaongeza 150. Ukiifunga kadi ya wati 250 kwenye pawa saplai ya bei ya kutupa, ambayo lebo inajigamba wati 500, usishangae. Fundi awe na pawa saplai yake ya majaribio anayoiamini, na aanze na hiyo. Halafu kebo ya skrini. Halafu draiva, ambayo ifutwe yote kwa programu ya DDU badala ya kuweka mpya juu ya mabaki ya zamani.

Ule ujumbe wa Windows kwamba draiva iliacha kujibu kisha ikarejea umewaponza wengi. Windows huisubiri kadi sekunde 2 tu. Isipojibu, inaianzisha upya. Kilichoichelewesha kinaweza kuwa draiva, joto, umeme au chipu, na ujumbe wenyewe hausemi ni kipi. Hamishia kadi kwenye mashine nyingine nzima. Ikisumbua na huko, ndipo uanze kuifungua.

Wapo pia wateja ambao kadi hawaihitaji kabisa. Mhasibu anayeshinda kwenye lahajedwali, au katibu muhtasi wa shule, mara nyingi prosesa yake ina michoro ya ndani inayomtosha na kubaki. Prosesa nyingi za Intel za kawaida zinayo, isipokuwa zile ambazo jina lake linaishia na herufi F. Chomoa kadi, chomeka kebo ya skrini nyuma ya mazabodi, mwambie aendelee na kazi. Najua hapo duka halijauza kitu, lakini mteja huyo atarudi, tena na wenzake.

Yanayotengenezeka

Feni hufa mapema kuliko vingine, na ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Ikikwama, kadi inapanda joto na kujipunguzia kasi, na mteja anakuja akisema mchezo unagandaganda. Tafuta feni kwa namba iliyoandikwa nyuma yake, maana kadi mbili za jina moja zinaweza kuwa na feni tofauti. Kubadilisha pesti iliyokauka si kazi ya kuzungumzia sana. Pedi za kupitisha joto ndizo zinazotaka adabu: ukikosea unene hata kwa nusu milimita, kipozeo hakilali sawasawa, memori zinapoa huku chipu kuu ikiungua. Zipime za zamani kwa kalipa kabla hujazitupa.

Sisi wa pwani tuna adui wa ziada, chumvi. Kadi iliyokaa miaka kwenye chumba kinachopigwa na upepo wa bahari, iwe Zanzibar, Tanga au Mombasa, huota ukijani kwenye miguu ya vipuri vidogo. Isafishe kwa isopropili na brashi laini kabla ya kupima chochote, la sivyo utakuwa unapima uchafu.

Kwenye umeme, anza na laini ya volti 12 dhidi ya graundi. Ikiwa na shoti, aghalabu utakuta kapasita au mosfeti imekufa. Kapasita haina maneno. Mosfeti ina hatari yake: ile ya upande wa juu ikiungua kwa shoti, volti 12 zinaweza kumiminika kwenye chipu iliyozoea volti 1 hivi. Kwa hiyo ipime chipu kuu kabla ya kuagiza mosfeti, usije ukamfungia maiti bandeji. Na hapo pana mtego kwa aliyetoka kwenye ufundi wa simu: chipu kubwa za leo husoma chini ya ohm 1 zikiwa nzima kabisa. Anaona shoti, anaitupa kadi ya watu. Linganisha na kadi nzima ya aina ileile.

Memori ikiharibika, skrini inaonyesha vinukta na michirizi ya rangi inayojirudia kwa mpangilio. Programu ya memtest_vulkan inasaidia kuthibitisha. Kubadilisha chipu moja ya memori ni kazi halali, ila inataka jiko la kupasha bodi kutoka chini, stensili, mkono uliotulia na chipu ya aina ileile. Hizo chipu tutazipata wapi? Kwenye kadi zilizokufa. Mzoga wenye chipu kuu mbovu una memori, mosfeti, feni na kipozeo, na fundi anayeuza mizoga kwa kilo anauza ghala lake.

Jambo la safari nalo lisipuuzwe. Kadi za siku hizi ni nzito, na kompyuta ikipakiwa kwenye buti la basi la Mwanza kadi ikiwa imefungwa ndani, kila tuta linaivuta. Ufa hutokea kwenye kona karibu na kilimi cha soketi, nao ukikata njia za tabaka za ndani za bodi, mimi sipokei kazi hiyo. Mfundishe mteja aichomoe na kuisafirisha peke yake.

Habari ya kuoka

Hapa ndipo nitakapowaudhi baadhi yenu. Kwa miaka mingi tumeambiana kwamba kadi iliyokufa hufufuka ikiokwa kwenye ovena au kupigwa blowa, kwa kuwa lehemu iliyopasuka chini ya chipu inayeyuka na kushika upya. Tuangalie nyuzi za joto. Lehemu ya zamani ya risasi na bati iliyeyuka kwenye nyuzi 183. Tangu tarehe 1 Julai 2006 Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya elektroniki, na viwanda vikahamia lehemu isiyo na risasi, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 217 hadi 220. Ovena ya nyuzi 200 haiyeyushi lehemu hiyo. Na bado kadi nyingine huwaka baada ya kuokwa! Kilichoshika ni nini?

Chipu kuu ina viunganishi vya aina mbili. Kuna vidonge vya lehemu tunavyovijua, kati ya kifurushi cha chipu na bodi. Juu yake, ndani ya kifurushi, kuna vinundu vidogo mno vinavyounganisha kipande cha silikoni na kitako chake, vimezungukwa na gundi maalumu. Chipu ikipata moto inatanuka, ikipoa inanywea, na silikoni hainyumbuki sawa na kitako. Vinundu vinachoka, vinapasuka. Mwaka 2008 kampuni ya NVIDIA ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za kompyuta mpakato zilizokufa kutokana na udhaifu wa malighafi za kifurushi. Mwaka mmoja kabla, Microsoft ilitenga zaidi ya dola bilioni 1 na kurefusha dhamana ya Xbox 360 hadi miaka 3 kwa sababu ya hitilafu iliyojionyesha kwa taa nyekundu. Miaka mingi baadaye wahandisi wake walieleza kuwa viunganishi vilivyovunjika vilikuwa ndani ya chipu.

Joto la ovena linasukuma vinundu hivyo vigusane tena kwa muda. Kadi inawaka, mteja analipa, anaondoka akishukuru. Wiki chache baadaye inazima. Hata kubadilisha vidonge vyote vya chini hakufiki kwenye vinundu vya ndani. Anayemtoza mtu fedha kwa kazi hiyo na kuiita matengenezo anamdhulumu, hata kama mwenyewe hajui. Kama mteja anataka kadi iwake mara moja tu ahamishe kazi yake, mwambie hivyo waziwazi na usimpe dhamana.

Hesabu

Mimi hutumia theluthi. Gharama ya matengenezo ikizidi theluthi ya bei ya kadi iliyotumika ya aina hiyohiyo, namshauri mteja anunue. Kwa kadi kubwa ninalegeza hadi nusu, kwani bei ya mbadala inauma. Lakini pia naangalia umri wa draiva. NVIDIA ilitoa draiva ya mwisho ya kawaida kwa familia za Maxwell na Pascal, zilimo GTX 970 na GTX 1060, Oktoba 2025. Zitapata marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. Kwa anayehariri video kwa programu aliyoizoea, feni mpya kwenye GTX 1060 ni fedha iliyokwenda mahali pake. Kwa kijana anayetaka michezo itakayotoka mwakani, chipu mpya ya memori kwenye kadi hiyohiyo ni hasara.

Kununua nako kuna mashimo. Zipo kadi bandia zilizoandikiwa jina la GTX 1050 Ti wakati ndani ni chipu ya enzi ya GTX 550 Ti. Programu ya GPU-Z tangu 2018 inazitambua nyingi, kwa hiyo iendeshe hapohapo dukani kabla ya kutoa fedha. Nyingine ni zile zilizochimba Ethereum, ambazo ziliachwa bila kazi tarehe 15 Septemba 2022 mtandao ule ulipobadili mfumo. Watu wanazikimbia, mimi sizikimbii moja kwa moja. Feni na pedi zake zimechoka, hilo sawa, lakini chipu iliyokaa kwenye joto moja mchana na usiku imepanda na kushuka mara chache kuliko ya mchezaji wa jioni, na kupanda na kushuka ndiko kunakoua vinundu. Ipe mzigo mzito nusu saa mbele ya muuzaji, tazama joto na feni, kisha zungumza bei.

Pendekezo

Blowa haitaacha kutumika kwa sababu ya mada hii, nami najua kwa nini. Fundi wetu halipwi mpaka kitu kiwake. Akipima kadi asubuhi nzima na kugundua chipu imekufa, akisema ukweli anarudi nyumbani mikono mitupu. Akiipiga moto ikawaka, analipwa. Napendekeza tuitoze kazi ya kupima peke yake, ilipwe kadi ikipona isipone, na ikatwe kwenye bei ya matengenezo mteja akikubali tuendelee. Risiti iandike kipuri kilichobadilishwa na vipimo vya kabla na baada. Kiwango cha ada hiyo ndicho ningependa tukijadili katika vikundi, kwa sababu kinachowezekana Kariakoo huenda kisiwezekane kwa fundi wa Songea, na wenzetu wa mikoani wapewe nafasi ya kusema kwanza.