Kusoma Ukitokea Hirbadaw



Barua ya mwaliko wa mhadhara huu ilinitaka nizungumzie mustakabali wa fasihi. Kwa heshima zote, barua hiyo nimeiweka kando. Ya mustakabali siyawezi. Ninayoyaweza ni habari za vitabu vilivyolala kando ya kitanda changu tangu masika ya mwaka jana. Basi leo nitawaambia nimesoma nini, kwa lugha gani, na nani alikuwa amekaa karibu nikisoma. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito, ingawa mtaona nalichelewesha.

Mimi ni mtu wa Hirbadaw, wilayani Hanang. Mama yangu Mwiraqw. Bibi mzaa baba alikuwa Mdatooga, mmoja wa wale ambao Waswahili wa madukani waliwaita Wamang'ati, jina la kubandikwa na maadui. Ukisimama mnadani huko kwetu, masikio yako yanafanya kazi ambayo kwingine duniani ingehitaji nauli ya ndege. Kiiraqw ni tawi la Kikushi, ndugu wa mbali wa Kisomali. Kidatooga ni Kinailoti. Mnyaturu aliyekuja kuuza vitunguu anazungumza Kibantu. Ukishuka hadi bonde la Yaeda unawakuta Wahadzabe, ambao lugha yao haijapatiwa ndugu hata mmoja wa uhakika. Wanaisimu huja huku kama wachimbaji waendavyo Mererani.

Masikio yalikuwa na lugha nne, lakini jicho lilikuwa na moja tu. Nilipoanza shule nilifundishwa kusoma Kiswahili, na aliyekutwa akizungumza Kiiraqw uwanjani alivishwa kibao shingoni, akakivua pale tu alipomnasa mwenzake kwa kosa lilelile. Simlaumu mtu, walimu wenyewe walikuwa na nia ya kutujengea taifa. Nasema tu kwamba nilifika umri wa miaka 26 bila kujua kuwa lugha ya mama yangu inaweza kuandikwa nje ya kitabu cha nyimbo cha kanisani.

Nianze basi na kitabu ambacho wengi wenu mmekisoma, ila pengine si kwa lugha niliyokisomea mimi mara ya pili. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka 1994. Niliisoma kwa Kiingereza nikiwa mwanafunzi, nikaipenda kama mtu anavyopenda picha iliyotundikwa ukutani kwa jirani. Mwaka 2021 Gurnah alipata Tuzo ya Nobel, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wakatoa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi. Nikainunua nikidhani najua yaliyomo.

Sikuyajua. Kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara kwa deni la baba yake, kisha msafara unaondoka pwani kuelekea bara. Kwa Kiingereza nilisafiri na msafara. Kwa Kiswahili nilijikuta nimesimama ng'ambo, kwenye vichaka, miongoni mwa watu wanaotazamwa. Dharau ya watu wa msafara kwa watu wa bara, kwa Kiingereza, ilikuwa habari ya wahusika. Kwa Kiswahili ilikuja na sauti niliyoisikia dukani utotoni, pale neno "mshenzi" lilipotupwa juu ya kaunta pamoja na chenji. Hadithi ileile, na mwandishi yuleyule ambaye lugha yake ya kwanza ni Kiswahili. Kilichobadilika ni upande wa mto niliosimama. Nakiri nilikiweka kitabu chini siku mbili. Kisha nikakimaliza usiku mmoja, maana tafsiri ni nzuri na hasira hazimzuii mtu kusoma.

Sasa Kiiraqw. Mwaka 1998 huko Köln, Ujerumani, kilichapishwa kitabu kiitwacho Iraqw Texts. Ni matini zilizokusanywa na Paul Berger miaka ya 1930, zikatayarishwa pamoja na Roland Kießling. Ni kitabu cha wanaisimu: maandishi ya Kiiraqw, alama za toni, tafsiri, maelezo. Mtu wa kawaida akikifungua anadhani ni hesabu. Hata herufi zenyewe zinamshtua mgeni. Sauti yetu ya kooni, ile Waarabu waandikayo kwa ayni, sisi tunaiandika kwa mkwaju ulioinama, alama ambayo mhasibu huitumia kutenganisha tarehe. Herufi "sl" inatamkwa kwa hewa kupita pembeni mwa ulimi. Slee ni ng'ombe mmoja. Wakiwa wengi neno lenyewe linageuka kabisa, hikwa. Mswahili ana "ng'ombe" kwa mmoja na kwa mia. Sisi tunaona kundi kuwa kitu kingine, si mmoja aliyeongezeka.

Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari kama mtoto wa darasa la kwanza. Aibu iliyoje, mtu mzima mwenye shahada tatu! Lakini kuna starehe ndani yake. Kwa Kiswahili na Kiingereza jicho langu limeshakuwa jizi, linaruka mistari na kunyakua maana. Kwa Kiiraqw lilishindwa kuiba. Ilinibidi nitamke kila neno, na kila nilipotamka, nyuma yangu alikuwepo mtu: mama akichambua mahindi, babu akiita ndama.

Mnafahamu slufay, dua yetu ya kishairi ambayo mzee huitoa na waliohudhuria wakamwitikia. Siku moja nilikuwa nasoma slufay ofisini, na kwa kuwa siwezi kusoma Kiiraqw kimya, niliisoma kwa sauti. Nilipofika pale pa kutulia pumzi, kutoka ukumbini likasikika itikio. Alikuwa mhudumu wetu wa ofisi, mtu wa Dongobesh, na ufagio mkononi. Tulikuwa tumefanya kazi jengo moja miaka sita tukisalimiana kwa Kiswahili. Akasogea mlangoni, nikaendelea, akaitikia hadi mwisho. Aliponiuliza nimeipata wapi, nikamwonyesha jalada lenye jina la mji wa Ujerumani. Akacheka mpaka akaketi.

Mjuzi wa mambo atanikumbusha kwamba W. D. Kamera alitutolea Hadithi za Wairaqw wa Tanzania kwa Kiswahili tangu 1978. Kweli, na nimeisoma tena mwaka huu kwa shukrani. Lakini hadithi ikivaa Kiswahili inapata adabu. Bibi yangu hakuwahi kusema "paukwa". Alianza katikati, kama mtu anayeendelea na ugomvi wa jana.

Kijerumani nakijua kwa kamusi tu. Hata hivyo nimehangaika na Ludwig Kohl-Larsen, aliyepiga kambi upande wa Ziwa Eyasi miaka ya 1930 na kukusanya hadithi za Wahadzabe na majirani zao. Alikuwa mfuasi wa chama cha Hitler, na siwezi kusoma ukurasa wake bila kulikumbuka hilo. Mwaka 1956 alichapisha Das Zauberhorn, hadithi za watu aliowaita Watindiga. Nimesoma kurasa arobaini kwa miezi mitatu. Mtu anayetafuta hadithi za majirani zake katika lugha asiyoijua, kutoka kwa mkusanyaji asiyemwamini, anajifunza aina ya usomaji isiyofundishwa darasani: kusoma kama anayepokea mali yake kutoka mkononi mwa mtu ambaye hatampa mgongo.

Nakuja kwa shangazi yangu, ambaye baadhi yenu mnamwona pale safu ya pili, na ameshanikataza kumtaja jina.

Shangazi hasomi, lakini hakuna msomaji mkali zaidi yake. Likizo ya Juni nilimpelekea kitabu cha George Klima, The Barabaig, cha mwaka 1970, kuhusu tawi hilo la Wadatooga, nikawa namfasiria jioni: Kiingereza kinaingia jichoni, Kidatooga changu kibovu kinatoka mdomoni, na yeye anakirekebisha. Tulifika pale Klima anapoeleza baraza la wanawake, girgwageda gademga, lenye uwezo wa kumhukumu mwanamume aliyekosea heshima ya wanawake na kumtoza ng'ombe. Shangazi akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. "Tena." Nikarudia. Kisha akaeleza kwa nusu saa kesi aliyoihudhuria mwenyewe akiwa msichana, na ilipofika hukumu akaashiria kitabu kwa kidevu: "Huyo alikaa upande wa wanaume. Amesikia vizuri, lakini amesikia kwa mbali." Nimesoma mapitio mengi ya vitabu vya anthropolojia. Sijaona yanayoishinda sentensi hiyo.

Jioni iliyofuata nilifanya kosa. Nilimsomea hukumu. Ndiyo, hukumu ya mahakama ni fani ya maandishi kama riwaya, na kwa Wadatooga huenda ndiyo iliyowagusa kuliko zote. Mnakumbuka mashamba ya ngano ya NAFCO, shirika la umma, yaliyoanzishwa Hanang kwa msaada wa Kanada, yakameza malisho bora ya Wabarabaig na hata makaburi ya wazee wao. Charles Lane ameyaandika kwa kirefu katika Pastures Lost, 1996. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishtaki shirika hilo, wakashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikawaangusha. Miongoni mwa sababu zake ni kwamba wengi wa wadai hawakuwa wamethibitisha kuwa ni "wenyeji" kwa maana ya Sheria ya Ardhi ya 1923.

Nilifasiri hilo mara mbili nikidhani nimekosea Kidatooga. Shangazi alinyamaza. Kisha akauliza, "Walitaka wathibitishe kwa lugha gani?"

Sikuwa na jibu, na ndipo nilipoanza kuuona mpangilio wa vitabu vyangu. Kidatooga kinaingia kwenye maandishi kama mshitakiwa au kama mfano wa utafiti. Kiiraqw kina Maandiko, nyimbo za ibada, sarufi ya Maarten Mous ya 1993, na kamusi ya 2002 ambayo Mous na Kießling waliitengeneza pamoja na Profesa Martha Qorro, Mwiraqw mwenzetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni kazi nzito, na nawavulia kofia. Ila tazameni vizuri: yote ni ya wokovu au ya uchunguzi. Sijaona kitabu cha Kiiraqw ambacho mtu anaweza kukisoma amelala chali, bila kutafuta faida yoyote duniani wala ahera.

Kiswahili kilipata vitabu vya namna hiyo, na nadhani hatuvipi heshima yake. Nimesoma tena Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Bwana Msa na kiko chake, Najum akimfuata nyuma, maiti mzimuni. Wasomi wenzangu hukitaja kitabu hiki haraka haraka njiani kuelekea kwa Shaaban Robert au Kezilahabi, kana kwamba ni kituo cha kuchimba dawa. Mimi nasema Tanzania na Kenya zilipata wasomaji wa Kiswahili kwa vijitabu vya upelelezi na mapenzi vilivyopita mkono hadi mkono bwenini, kurasa za mwanzo zimeng'oka. Nagona ya Kezilahabi ni kazi ya ajabu, nimeisoma mara nne na bado sijaimaliza kuielewa. Lakini hakuna aliyejificha chini ya blanketi na tochi asome Nagona. Kama yupo humu ndani, namwomba radhi.

Mnaonihoji baada ya mihadhara kama huu hutaka mpango: kamati, bajeti, sera ya lugha. Nina kauntabuku moja tu.

Mwaka jana nilikwenda nyumbani kwa msiba. Kijana aliyenibeba kwa bodaboda kutoka mjini Katesh alisikia kwamba mimi ni mtu wa vitabu. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika akafungua kiti cha pikipiki, pale anapoweka spana na koti la mvua, akatoa kauntabuku lenye alama ya mafuta kwenye jalada. Alikuwa ameandika hadithi kwa Kiiraqw. Tahajia yake si ya kamusi. Mkwaju wetu wa kooni ameugeuza kuwa koma, na toni ameziacha zijitafute zenyewe. Ng'ombe wa mjane amepotea usiku wa mvua. Kwato zinaonekana hadi mtoni, kisha hakuna. Watu watatu wana sababu ya kumchukua, na mmoja wao ndiye anayeongoza msako.

Nilimsomea shangazi jioni ileile kwa mwanga wa simu. Shangazi Kiiraqw anakisikia vizuri; ameishi nacho ukuta kwa ukuta maisha yake yote. Majirani wawili waliokuja kutoa pole wakasogeza vigoda. Hatukuwa waungwana sana kwa msiba ule, nakiri, maana kufikia ukurasa wa kumi watu walikuwa wakibishana kwa sauti nani mwizi. Shangazi alimshuku mwenyekiti wa kitongoji tangu mwanzo. Jirani mmoja akasema ni mjane mwenyewe, kamuuza ng'ombe ili shemeji asimrithi. Ukurasa wa kumi na nne hadithi ikakatika katikati ya sentensi.

Nilimpigia kijana asubuhi. Akasema ataimalizia baada ya palizi. Palizi ikaisha, nikapiga tena, akasema mavuno. Jana nimempigia kabla ya kuja hapa, kwa kisingizio cha mhadhara huu. Simu ilipokelewa na mkewe, akaniambia mumewe yuko barabarani, kisha akashusha sauti akaniuliza kama mimi ninajua nani alimchukua yule ng'ombe, kwa sababu yeye naye hajaambiwa.