Kichwa Bila Mwili

Msikilizaji, pita Magomeni Mapipa asubuhi hii utawakuta watu mbele ya meza ya magazeti, mikono nyuma, wanasoma vichwa vya habari. Wengi hawanunui. Baada ya dakika chache mtu kapanda mwendokasi kuelekea Kariakoo, na habari kaibeba: kichwa bila mwili. Akifika kazini anaisimulia kama aliyemaliza ukurasa.

Siwalaumu, gazeti lina bei yake. Lakini gazeti lina mhariri, na mhariri anajulikana alipo. Kijana wa sekondari leo anapokea kwenye simu sauti ya mtu asiyemjua, imeshapita makundi chungu nzima, ikimwambia mizizi fulani inaponya kisukari. Nani kasema? Kasema lini? Anafaidika nini nikiamini? Nani amemfundisha kuuliza hayo?

Mwaka 2011 tulikiona kikombe cha dawa cha mzee aliyejulikana kama Babu, kijijini Samunge, Loliondo. Shilingi 500 tu, kwa maradhi sugu, Ukimwi na kisukari yakiwemo. Foleni ya magari ilikwenda kilomita kwa kilomita. Wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni ile, na wapo walioacha dawa za hospitali. Na waliokwenda si wasiojua kusoma: walikuwamo wasomi na viongozi. Kujua kusoma peke yake hakukutosha.

Nchi hii iliwahi kuwa na desturi bora zaidi. Mwaka 1973 Redio Tanzania ilirusha kampeni ya Mtu ni Afya kwa wiki 12, na watu wazima wapatao milioni mbili wakaisikiliza katika vikundi. Kipindi kikiisha, kazi ndiyo inaanza. Kiongozi wa kikundi anafungua kijitabu, wanajadili: haya ya malaria, ya maji, ya vyoo, hapa kwetu yakoje? Kisha wanakubaliana la kufanya. Ilikuwa kampeni ya serikali, ujumbe umeshaamuliwa juu, hilo nalijua. Ninachokitamani ni ule utaratibu wa kusikia jambo pamoja na kulijadili kabla ya kulibeba.

Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 unataka mtoto afikiri kwa kina. Basi tusimwongezee somo la kukariri. Mwalimu aingie darasani na gazeti la jana na ujumbe mmoja wa simu aliounakili kwenye karatasi. Wanafunzi wasome habari mpaka aya ya mwisho. Wamtafute aliyeandika, waulize picha ilipigwa wapi, waende zahanati ya mtaa wakamsikie mganga.

Na mwalimu asiye na gazeti aanze na maoni haya. Nimetaja watu milioni mbili: wanafunzi wadai kujua nimeipata wapi hesabu hiyo, na nani aliwahesabu.