Kozi wa Vuli na Karani wa Amani

 Wasikilizaji, nilikuwa nimewaandalia habari za reli ya Tanga, lakini reli itasubiri. Kuna ujumbe wa msikilizaji wa Kabuku: mvua ya vuli ilinyesha, kumbikumbi wakatoka, na ghafla anga likajaa vipanga wadogo. Anauliza wametoka wapi, maana mwezi uliopita hawakuwapo.

Ndugu yangu, kama walikuwa wadogo, dume wa kijivu mwenye miguu myekundu, basi hao ni kozi wa Amur. Wanazaliwa kaskazini mwa China, Mongolia na mashariki ya Urusi. Wanapitia India, wananona huko, kisha wanavuka Bahari ya Hindi, kama kilomita 3,000, bila pa kutua. Bila pa kutua! Sisi kutoka Mkata hadi Tanga tunasimama Segera kula mahindi. Wakishafika Afrika wanateremka kusini wakifuata mvua, na kumbikumbi wako ndio posho yao ya njiani.

Sasa niruhusuni nimtaje mtu wangu, maana ndege wa safari hawatajwi bila yeye. Reginald Moreau, Mwingereza, karani wa ukaguzi wa hesabu za jeshi mjini Cairo, mgonjwa wa baridi yabisi, hana digrii ya ndege wala ya chochote. Mwaka 1928 akahamia Amani, huko juu Usambara, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo. Kazi yake ofisini ilikuwa makaratasi. Ndege alifuata yeye na mkewe Winifred, kwa kupenda tu. Karani, wasikilizaji! Na karani huyo ndiye aliyekuja kukadiria kwamba kila mwaka ndege kama bilioni 5 kutoka Ulaya na Asia wanaingia Afrika. Kitabu chake kikubwa kilitoka 1972, yeye amekwisha kufa 1970.

Ameacha fumbo ambalo mpaka leo linabeba jina lake. Ndege wanafika kusini ya Sahara mvua zikiwa zinakatika. Ukame unazidi kila wiki. Sasa ikifika wakati wa kurudi, wananona kwa kula nini, na jangwa linawangoja? Wataalamu bado wanabishana. Upande wetu huu wengine wana ujanja: wanapumzika Sudan na Ethiopia kwa wiki kadhaa, halafu Novemba wanateremka na vuli. Ndiyo maana tangu 1969 watu wanasafiri hadi Ngulia, ndani ya Tsavo, ng'ambo ya Mkomazi. Usiku wa ukungu usio na mwezi, taa za hoteli zinawavuta ndege kwa maelfu. Wananaswa kwa nyavu, wanavishwa pete mguuni, wanaachiwa. Humo ndimo anamopatikana hata yule ndege adimu wa vinamasi vya Basra, Iraki.

Nina simu. Mzee wa Korogwe… ndiyo, Mzee, shikamoo. Anauliza: huyo Mzungu mgonjwa wa viungo, miti yenye ndege aliikwea mwenyewe?

Ahaa! Mzee umenivuruga mpangilio, lakini swali ndilo hilo. Alikuwapo Salimu Asmani, aliyemfanyia kazi ya ndege pale Amani. Na akina Moreau walipochunguza hondohondo, yule ambaye jike hujifungia ndani ya tundu la mti kwa udongo na dume akamlisha kwa nje, waliokaa chini ya mti saa baada ya saa wakihesabu matunda yanayoletwa walikuwa vijana wa huku huku. Moreau ana ndege mwenye jina lake, wa Amani, tangu 1931. Winifred ana wake wa Uluguru, tangu 1938. Nakubaliana nawe, Mzee: ukimtaja karani, mtaje na Salimu.

Kama yuko mjukuu wa Salimu Asmani anayetusikiliza, laini iko wazi. Wa Mombo, usikate, zamu yako inakuja.