Kudai Fidia Hakukanushi Msamaha

Tunaye mama aliyeambiwa uvimbe wa titi lake ni jipu tu, asichukuliwe kinyama cha kupimwa; kumbe ni saratani. Majirani wanamwambia, "Mwachie Mungu." Sisi twasema: kusamehe hakufuti deni la haki. Kweli, si kila kosa la daktari ni uzembe, maana saratani hujificha. Uzembe ni kuacha kipimo ambacho daktari makini angekifanya. Basi nakala ya jalada iombwe mapema. Baraza la Madaktari Tanganyika laweza kumwadhibu daktari; fidia hudaiwa mahakamani, ndani ya miaka 3. Hospitali ikiwa ya serikali, hutangulia notisi ya siku 90. Mama huyu amechoka. Jumuiya yake imsindikize kwa wakili.