Neno la Mweka Hazina: Wavivu, Wabara na Watu wa Nairobi



Hesabu za mwaka zimechapishwa ukurasa wa nyuma, sitazisoma. Nina jambo jingine, maana 2027 haiko mbali na wagombea wameshaanza kunipigia simu wakitaka nafasi katika vikao vyetu.

Sisi Wapwani tumezoea kuitwa wavivu. Nikiomba likizo ofisini, hakosi wa kuniuliza kama nakwenda kulala chini ya mnazi. Nacheka. Lakini mgombea anayeamini hivyo hatuletei mpango wa kazi. Anatuletea leso na fulana.

Na sisi tuna yetu. Mwaka 2022 Tume ya Uwiano na Utangamano ilipotoa orodha ya maneno ya chuki, pamoja na "madoadoa" lilikuwamo "wabara waende kwao". Hilo si la kuulizana limetoka wapi. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, watu wakauawa, na ghasia zikafika hadi Ukunda na Diani. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa mtu wa bara. Jumamosi alitufundisha bure chini ya mwembe. Alifunga mizigo usiku, hatukumwona tena, na tukaingia mtihani wa kidato cha nne bila mwalimu wa somo lile. Mimi nilibahatika kwa kuwa nilikuwa na daftari zake zote. Wenzangu wengi, na baadhi walinishinda akili, waliishia hapo. Waliosambaza vikaratasi vya kuwafukuza wabara hawakuja kutufundisha.

Sasa hili la "mtu wa Nairobi". Kampeni ya urais ya 2022 iliuzwa kama vita vya mahasla na madainasti. Mwenye wilbaro alikuwa Naibu Rais kwa karibu miaka 10, tena ana shahada ya uzamifu. Mpinzani wake alikuwa mtoto wa makamu wa kwanza wa rais. Wote walitua kwa helikopta.

Mchezo huo umeshuka hadi barazani kwetu. Mwaka jana niliomba kuonyeshwa orodha ya waliopata basari. Nikajibiwa: "Wewe msomi wa Nairobi, shida za hapa huzijui." Watu wakapiga makofi, na orodha haikutoka hadi leo. (Nakiri nilisimama na miwani ya jua na Kiingereza kingi. Kosa langu.) Lakini Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, hata aliyeishia darasa la nne. Mama muuza samaki akiuliza swali lile lile, ataitwa nani?

Kamati imekubaliana: hakuna mgombea atakayehutubia vikao vyetu hadi uchaguzi upite. Akichanga, atapewa risiti kama mtu mwingine yeyote.

Mchango wa leo ni mshahara wa mwalimu wa hesabu wa sekondari yetu, kwa mwaka mmoja. Tuliyempata anatoka Machakos. Alichouliza kwanza si mshahara. Aliuliza kama uchaguzi ukikaribia atakuwa salama. Mzee mmoja amempa chumba ndani ya boma lake.

Kadi za ahadi ziko meza ya mbele. Risiti naandika mwenyewe.